Walimu, mazoezi yaweza kuua na yaweza kuponya

Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga. Aghalabu methali hii hutajwa na watu wanaotaka kulipiza kisasi, lakini leo nakusudia kuitumia katika jambo lililo tofauti kabisa. Nataka kuzungumza juu ya maradhi ya ulaji, yaani yale yanayomfanya mtu, na hasa kijana, ajinyime chakula hadi mwili ukauke, au ale kwa pupa kisha ajitapishe kwa siri, au akimbie na kuruka usiku na mchana kana kwamba kila tonge alilolimeza ni deni ambalo sharti alilipe kabla jua halijachwa. Swali langu ni hili: Je, mtu ambaye mazoezi ya viungo yalikuwa sehemu ya ugonjwa wake, yafaa arudi uwanjani anapotibiwa? Na ikiwa yafaa, arudi lini, kwa kipimo gani, na chini ya jicho la nani?

Nauliza swali hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu maradhi haya hupenda umri wa shule. Mara nyingi huanza katika ujana, wakati mwili unapobadilika na mtu anapoanza kujitazama kwa macho ya wenzake. Mzazi yuko mbali, hasa ikiwa mtoto analala bwenini. Anayemwona akiisukuma sahani kando, akivaa sweta mbili mchana wa jua kali, akiamka alfajiri kwenda kukimbia peke yake, ni mwalimu, ni matroni, ni kiranja, ni rafiki anayelala kitanda cha pili. Hao ndio wanaoweza kumwokoa au kumpoteza hata kabla daktari hajaitwa.

Najua fika kwamba wapo watakaoguna. Watasema haya ni maradhi ya Wazungu waliokosa la kufanya. Kwamba katika nchi ambayo ukame ukiingia Turkana au Marsabit watu hulala njaa, hakuna mtoto mwenye akili timamu atakayekikataa chakula. Hoja hii ina mvuto lakini haina mashiko. Njaa ya kukosa na njaa ya kujinyima ni mambo mawili, na yanaweza kuishi katika nchi moja, hata katika kijiji kimoja. Ni kweli kwamba walioyaeleza kwanza kwa lugha ya utabibu wa kisasa walikuwa watu wa Ulaya. Mwaka 1873 Charles Lasègue alichapisha maelezo yake jijini Paris, na mwaka huo huo William Gull akatoa hotuba jijini London, naye ndiye aliyeupa ugonjwa mmoja wao jina la anoreksia nevosa. Lakini kuelezwa kwanza Ulaya si sawa na kuwa mali ya Ulaya. Kifua kikuu nacho viini vyake viligunduliwa Ujerumani, na hakuna anayesema ni ugonjwa wa Wajerumani.

Tazama yaliyotokea Fiji. Katika visiwa hivyo vya bahari ya Pasifiki mwili ulionenepa ulikuwa ishara ya kutunzwa vizuri na jamaa. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika eneo la Nadroga. Anne Becker, daktari na mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliwachunguza wasichana wa shule mwaka huo, kisha akachunguza kundi jingine mwaka 1998. Katika kundi la kwanza hapakuwa na hata msichana mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Katika kundi la pili, takriban mmoja kati ya kila tisa alisema amefanya hivyo. Miaka mitatu tu! Sisi tuliopata televisheni mwaka 1962, na ambao watoto wetu leo wanashika simu zilizojaa picha za miili iliyorekebishwa kwa mashine, tuna kinga gani ambayo Wafiji hawakuwa nayo?

Maradhi yenyewe ni ya aina kadha. Kuna anoreksia, ambapo mgonjwa hujinyima chakula na kuuogopa unene hata anapokuwa amebaki mifupa mitupu. Kuna bulimia, iliyoelezwa na Gerald Russell wa London mwaka 1979, ambapo mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kisha akajaribu kukifuta kwa kujitapisha, kumeza dawa za kuharisha, kufunga au kufanya mazoezi kupita kiasi. Kuna pia ule ulaji wa pupa usiofuatwa na kujitapisha, ambao madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza katika mwongozo wao kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Wavulana huugua pia, ijapokuwa wao hufichika zaidi kwa sababu hakuna anayewatarajia. Tena mtu aweza kuwa mgonjwa hasa bila kukonda, kwa hiyo macho peke yake si mizani ya kutegemewa.

Sasa mazoezi yanaingiaje hapa? Sisi walimu tumezoea kuyasifu. Mtoto anayeamka kabla ya kengele akaenda kukimbia humwita mwenye bidii, na tukamtolea mfano mbele ya wenzake. Mara nyingi tuna haki. Lakini kuna kukimbia ambako si bidii bali ni utumwa. Mwaka 1967 watafiti wawili, Routtenberg na Kuznesof, walieleza jinsi walivyowaweka panya katika vizimba vyenye gurudumu la kukimbilia, wakawapa chakula kwa muda mfupi tu kila siku. Mtu angetarajia panya mwenye njaa atulie ili ahifadhi nguvu kidogo aliyo nayo. Haikuwa hivyo. Panya wale walizidi kukimbia na kuzidi kupunguza chakula, wakakonda hadi kufa, ilhali wenzao waliolishwa kwa saa zile zile bila gurudumu waliizoea hali hiyo. Binadamu si panya, lakini yeyote aliyewahi kumwona kijana mwenye anoreksia asivyoweza kuketi chini atautambua mwendo huo. Njaa na mbio zikishikana mikono, kila moja humchochea mwenzake.

Njaa pia huibadili akili. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wote wenye afya ya mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa miezi sita huku wakitakiwa kutembea takriban kilomita 35 kila wiki. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lililowashangaza wengi halikuwa kukonda huko, bali mabadiliko ya tabia. Vijana hao waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo riwaya, wakawa wepesi wa hasira, wakahuzunika, wakajitenga, wakahisi baridi wakati wengine wanatoka jasho. Fundisho ni kwamba aliyejinyima kwa muda mrefu hafikiri tena kwa akili yake ya kawaida. Kumwambia "acha upuuzi, kula tu" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Nami nimeyaona haya kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika shule moja ya wasichana ya bweni, ambayo sitaitaja. Palikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, hodari wa darasa na wa mbio za mita 3000. Kocha alikuwa na mazoea ya kuwapima wakimbiaji wote uzito mbele ya wenzao kila Ijumaa, akisema mwili mwepesi ndio mbio. Msichana huyo akaanza kugawa githeri yake kwa wenzake akidai amekwisha shiba. Akawa anakimbia kabla ya kengele, kisha jioni pamoja na timu, kisha tena peke yake baada ya timu kutawanyika. Mwanzoni muda wake ulipungua na akashangiliwa. Baada ya majuma machache muda ukaanza kurefuka, naye akaongeza raundi. Siku moja alianguka katika gwaride la asubuhi, akapelekwa hospitali, na huko ndiko ugonjwa ulikopata jina.

Aliporejea baada ya matibabu ya kwanza, kikao cha walimu kiligawanyika. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka apigwe marufuku kabisa asiguse uwanja hadi amalize shule. Kocha naye alitaka arejee mara moja, maana mashindano ya wilaya yalikuwa yamekaribia, na kwa maoni yake mbio zingemchangamsha. Wote wawili walimtakia mema mtoto yule. Marufuku ndiyo iliyoshinda. Majuma mawili baadaye matroni alimkuta bafuni saa nane za usiku, taa imezimwa, akikimbia papo hapo juu ya sakafu ya saruji. Marufuku ilikuwa imeyaondoa mazoezi mahali penye macho ya watu na kuyapeleka gizani.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba naibu yule hakuwa na sababu. Alikuwa nayo, tena nzito. Mwili uliokosa chakula hujila wenyewe, na moyo ni msuli kama misuli mingine. Mapigo hushuka, shinikizo la damu huteremka, na mtu akisimama ghafla huona kizunguzungu. Anayejitapisha au kumeza dawa za kuharisha hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hayo. Kumwambia mtu wa namna hiyo azunguke uwanja ni kumpeleka kaburini kwa filimbi. Wasichana hukatika hedhi kwa sababu homoni zimepungua, na mifupa hudhoofika katika miaka ile ile ambayo ingepaswa kujijenga kwa ajili ya maisha yote. Mkimbiaji wa aina hii huweza kupata ufa katika mfupa bila kuanguka wala kugongwa. Wataalamu wa michezo waliuita mkusanyiko huu pembetatu ya mwanariadha wa kike: lishe pungufu, hedhi iliyokatika na mifupa dhaifu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliyapanua maelezo hayo, ikaonyesha kwamba wanaume nao hawakusalimika.

Wanaoona nazungumza mambo ya kufikirika na wamkumbuke Christy Henrich, Mmarekani aliyekuwa hodari wa jimnastiki. Yasimuliwa kwamba mwamuzi mmoja aliwahi kumwambia apunguze uzito akitaka kufika Olimpiki. Alifariki Julai 1994 akiwa na umri wa miaka 22, viungo vya ndani vikiwa vimeshindwa kufanya kazi. Neno la mwamuzi pekee halisababishi ugonjwa, kwa maana maradhi haya yana mizizi mingi, ikiwemo ya kurithi. Lakini neno la mtu mwenye mamlaka likiangukia udongo uliokwisha lowa, mbegu huota.

Ndiyo sababu tangu zama za Gull madaktari waliagiza mapumziko, joto na chakula kwa saa maalumu. Kwa mgonjwa mahututi agizo hilo bado ni sahihi: kwanza moyo, kwanza damu, kwanza chakula. Na chakula chenyewe hurudishwa kwa uangalizi, kwa kuwa mwili ulioshinda njaa kwa muda mrefu huweza kudhurika ukijazwa ghafla. Tofauti yangu na naibu yule haikuhusu mwanzo wa safari. Ilihusu mwisho wake. Je, mtu huyu atakaa kitandani milele? Na atakapoinuka, ni nani atakayekuwa amemfundisha kutembea upya?

Kulala muda mrefu nako kuna hasara. Misuli hunywea, mifupa isiyobeba uzito hudhoofika, na moyo hujaa wasiwasi. Zaidi ya hayo, mgonjwa aliyezuiwa tu bila kufundishwa hutoka hospitali akiwa na mawazo yale yale aliyoingia nayo. Siku atakayofunguliwa lango atakimbilia pale pale alipoachia, na ni jambo lililoshuhudiwa na watabibu kwamba mgonjwa anayeondoka hospitali akiwa bado mtumwa wa mazoezi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na ugonjwa.

Kwa hiyo wataalamu wakaanza kujiuliza kama mazoezi yenyewe, yakipimwa kama dawa inavyopimwa, hayawezi kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 2002 Jorunn Sundgot-Borgen na wenzake nchini Norway walichapisha utafiti juu ya wanawake wenye bulimia ambao uzito wao ulikuwa wa kawaida. Baadhi walipewa tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, baadhi ushauri wa lishe, na baadhi mazoezi yaliyopangwa na kusimamiwa. Kundi la mazoezi halikuwa nyuma ya kundi la mazungumzo, na katika kupunguza ile hamu ya kukonda lilitangulia. Nasisitiza kwamba hao hawakuwa watu waliokondeana. Dawa iliyomfaa mwenye bulimia haiwezi kumpa mwenye anoreksia mahututi. Hata hivyo, kwa wenye anoreksia pia, tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mazoezi mepesi yanayosimamiwa, baada ya hatari ya kwanza kupita na chakula kikiwa kinaliwa, hayazuii uzito kuongezeka kama ilivyohofiwa. Mwaka 2016 Brian Cook na wenzake walizipitia tafiti zilizokuwapo, wakapendekeza miongozo. Kiini chake ni kwamba kazi hii ifanywe na jopo la wataalamu, pawe na mapatano yaliyoandikwa, mazoezi yaanze taratibu na kuongezwa hatua kwa hatua, lishe iende sambamba nayo, na baada ya kila kipindi mgonjwa azungumze juu ya alivyojihisi.

Turudi kwa msichana wetu. Baada ya tukio la bafuni mamake aliitwa, na alikuja na barua ya daktari. Safari hii shule iliketi na daktari, mtaalamu wa lishe, mwalimu mshauri na mama mwenyewe, msichana akiwapo. Waliandika mapatano katika ukurasa mmoja. Kwa miezi ya kwanza hapakuwa na mbio. Alitakiwa kula milo yote pamoja na matroni, na daktari alimpima moyo na damu kila alipokwenda kliniki. Yaliporidhisha, aliruhusiwa kutembea na matroni baada ya chakula cha jioni, mwendo wa mazungumzo, dakika zisizozidi 15. Baadaye akaongezewa kunyoosha viungo. Baadaye tena akaruhusiwa kucheza mpira wa pete na wenzake mara mbili kwa wiki, kwa sharti kwamba siku asiyomaliza chakula hachezi. Halikuwa sharti la adhabu. Lilikuwa sharti la hesabu: gari lisilo na mafuta haliwashwi.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mara mbili mapatano yalivunjwa na mara mbili ikabidi arudishwe nyuma. Muhula mmoja wote alionekana kama mtu anayeomboleza, na nadhani alikuwa akiomboleza kweli, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekuwa rafiki yake wa pekee. Lakini jioni moja ya muhula wa mwisho nilimkuta akitoka uwanjani na wenzake, wote wametota jasho na vumbi, wakibishana juu ya bao fulani. Nikamuuliza, "Mwanangu, mmecheza muda gani leo?" Akanitazama kwa mshangao. "Sijui, Mwalimu. Sikuhesabu." Kwa mtu aliyekuwa akihesabu kila raundi, kila kijiko na kila pumzi, sikuwahi kusikia jawabu lililonifurahisha kuliko hilo. Mbio za mita 3000 hakuzirudia. Alimaliza kidato cha nne akiwa mzima, na hilo latosha.

Kutokana na haya, nathubutu kutoa vigezo ambavyo mwalimu yeyote anaweza kuvikumbuka bila kuwa daktari. Kwanza, ruhusa ya kurudi mazoezini hutolewa na tabibu aliyempima mgonjwa, haitolewi na kocha, mzazi wala mgonjwa mwenyewe. Pili, chakula hutangulia na mazoezi hufuata. Hakuna siku mazoezi yatakapotumika kukifuta chakula. Tatu, mazoezi ya kupona hufanywa pamoja na watu, mchana kweupe, na yawe ya aina inayoleta furaha na ushirikiano. Kuruka kamba na wenzako, kucheza ngoma, kutembea na rafiki, mpira wa timu: haya ni bora kuliko kuhesabu raundi peke yako. Nne, tusipime uzito, tupime uwezo: je, amelala vizuri? Anacheka? Ana nguvu ya kupanda ngazi? Tano, na hiki ndicho kigezo kikuu, tumtazame siku mvua inaponyesha na mazoezi yakafutwa. Akiweza kuketi, kula chakula chake na kusoma bila kujiona mwenye hatia, mazoezi yamekuwa mtumishi wake. Akihangaika kama aliyenyang'anywa uhai, bado yeye ni mtumwa wayo, na ni wakati wa kumwita tabibu tena.

Lakini hatuwezi kumtibu mtoto mmoja huku tukiacha shule nzima ikimtengenezea ugonjwa. Ni mafunzo gani tunayotoa tunapomwadhibu mwanafunzi aliyechelewa kwa kumzungusha uwanja mara kumi? Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini nimeona baadhi yetu tukiyageuza mazoezi kuwa kiboko kipya. Tunamfundisha mtoto kwamba mwili ni kitu cha kuadhibiwa, kisha tunashangaa anapouadhibu mwenyewe. Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, somo la mazoezi ya viungo lilikaa katika ratiba bila kutahiniwa, na wengi wetu tulilimeza kwa ajili ya hisabati na sayansi. Matokeo yake ni kwamba wapo watoto waliojua mazoezi kwa sura mbili tu: adhabu au mashindano. Sura ya tatu, ile ya kucheza kwa raha ya kucheza, hawakuionja. Na mtu atawezaje kuirudia afya ambayo hakuwahi kuonyeshwa?

Tuziache pia mizani za hadhara na utani wa majina. Kumwita mtoto "kibonge" mbele ya darasa huchekesha kwa dakika moja na huweza kuuma kwa miaka kumi. Na wale makocha wanaoamini kwamba njaa huzaa mbio, waende Iten wakawatazame wanariadha wetu mezani. Watawakuta wakila ugali, maharagwe, mboga na viazi, wakinywa chai ya maziwa yenye sukari, kisha wakilala mchana bila haya. Tegla Loroupe, Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, ana umbo dogo kweli. Lakini umbo dogo la kuzaliwa na umbo dogo la kujinyima haviwezi kushindana katika kilomita 42.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya, huenda unamjua mwenzako anayejificha wakati wa chakula, au huenda unajijua mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwendee mwalimu mshauri, matroni, mzazi au muuguzi unayemwamini, umweleze kwa maneno machache: "Siwezi kuacha." Kusema hivyo si udhaifu, na kumsemea rafiki si umbeya. Kumbuka pia kwamba matibabu hayamaanishi kunyang'anywa uwanja milele. Yanamaanisha kuurudia kwa mlango wa mbele, tumbo likiwa na chakula, wenzako wakiwa kando yako.

Sisi walimu, kazi yetu si kuchagua kati ya marufuku na ushindi. Moto ule ule uunguzao nyumba ndio upikao uji, na aliyeungua hafundishwi kwa kuwekwa baridini maisha yake yote. Hufundishwa kuketi tena karibu na mafiga, hatua kwa hatua, na mtu mzima akiwa macho.